Pipa la mafuta lina hesabu isiyoonekana kwenye bei

Mnunuzi wa mafuta ghafi kwa kawaida huuliza uzito wa mafuta na kiasi cha salfa ndipo azungumzie bei. Katika masoko ya Ulaya na California limeongezeka swali la tatu: ni gesijoto kiasi gani imetolewa tangu kisimani hadi mafuta yanapoungua ndani ya gari?

Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za kaboni dioksidi. (Msomaji asishangae kwamba moshi umeyazidi mafuta kwa uzito, oksijeni ya hewani nayo imo.) Hata hivyo, huo ni mwisho wa safari tu. Kwa viwango vya Umoja wa Ulaya vya mwaka 2015, dizeli ilihesabiwa wastani wa gramu 95.1 kwa kila megajuli ya nishati. Kama gramu 73 hutoka kwenye injini. Zilizobaki, karibu robo, hutokana na kuchimba, kusafirisha na kusafisha.

Robo hiyo ndiyo inayotofautisha pipa na pipa. Mchanga wa lami wa Alberta, Kanada, kwa sehemu kubwa hupashwa moto kwa mvuke ndipo mafuta yatoke, na mvuke huo hupatikana kwa kuchoma gesi. Dizeli yake ilipewa gramu 108.5.

Hapo ndipo fedha zilipoingia. Mwaka 2011 Tume ya Ulaya ilipendekeza mafuta ya lami yahesabiwe kwa kiwango chake ya peke yake. Kanada ikapinga vikali, wenye viwanda vya kusafisha mafuta wakalalamikia gharama, na kanuni iliyopitishwa mwaka 2015 ikawapa wauzaji wote wastani mmoja. Mwenye pipa chafu akajificha nyuma ya mwenye pipa safi, na huyu wa pili hakupata hata senti ya ziada. California, kwa upande wake, hukadiria kila aina ya mafuta ghafi inayoingia huko.

Kwa Afrika Mashariki jambo hili si la mbali. Mafuta ya Ziwa Albert nchini Uganda yana salfa kidogo, sifa nzuri sokoni, lakini yana nta nyingi na huganda yakipoa. Kwa sababu hiyo bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lilisanifiwa kupashwa joto kwa umeme njia nzima, mafuta yasishuke chini ya nyuzi 50 za Selsiasi. Umeme huo unaingia kwenye hesabu ya kila pipa. TPDC ya Tanzania na UNOC ya Uganda zina asilimia 15 kila moja katika kampuni ya bomba hilo, yaani fedha za umma zimo.

Sheria ya Ulaya ya methani ya mwaka 2024 nayo imewagusa waagizaji wa mafuta ghafi. Anayefuatilia mradi huu asiishie kwenye idadi ya mapipa kwa siku. Aulize pia umeme wa kupasha bomba unazalishwa kwa nini, na gesi inayotoka pamoja na mafuta inapelekwa wapi.