Uvuvi wa trauti katika Ziwa Pyramid

Ziwa Pyramid ni ziwa la jangwani katika jimbo la Nevada, magharibi mwa Marekani, kaskazini-mashariki ya mji wa Reno. Ziwa lote limo ndani ya ardhi ya Wapaiute wa Kaskazini, wenyeji asilia waliolitegemea kwa chakula tangu zamani. Linajulikana hasa kwa trauti wa Lahontan, samaki ambaye wavuvi wa burudani humfuata kutoka mbali wakati wa baridi. Samaki huyo aliwahi kutoweka kabisa ziwani, na sababu ya kutoweka kwake ilikuwa maji ya mto mmoja.

Ziwa na samaki wake

Maji ya ziwa huletwa na Mto Truckee, unaotoka katika Ziwa Tahoe milimani na kusafiri kilomita 190 hivi. Hakuna mto unaotoka ziwani. Maji huondoka kwa kugeuka mvuke tu, na chumvi hubaki nyuma. Kwa hiyo maji ya Pyramid yana chumvi na magadi, ingawa chumvi hiyo ni takriban sehemu moja ya sita ya ile ya bahari.

Wasomaji wa Kenya huenda wanawafahamu trauti wa mito ya Mlima Kenya na Aberdare, waliopandikizwa wakati wa ukoloni. Trauti wa Lahontan ni wa jamaa hiyo, lakini ameyazoea maji ya magadi, kwa kuwa Pyramid ni mabaki ya ziwa kubwa la kale lililoitwa Lahontan. Ana alama nyekundu chini ya taya. Akishakua hula samaki wengine, na ndiyo sababu hufikia ukubwa wa ajabu. Mwaka 1925 Mpaiute aitwaye John Skimmerhorn alivua mmoja mwenye uzito wa kilogramu 18.6, na rekodi hiyo haijavunjwa.

Jinsi ya kumvua

Mgeni akifika ufukweni alfajiri ya mwezi wa Machi huona jambo la kuchekesha: safu ya watu waliosimama juu ya ngazi ndani ya maji, kama mafundi wa rangi waliopotea njia. Ngazi hizo zina kazi. Sehemu nyingi za ufuko huteremka polepole, kisha sakafu ya ziwa hushuka ghafla, na trauti hupita kwenye ukingo huo wakitafuta samaki wadogo. Mvuvi aliyesimama juu ya ngazi huweza kurusha mshipi mbali zaidi hadi kwenye ukingo, na tena hapati baridi nyingi kama aliyezama hadi kiunoni.

Chambo chenyewe si mnyoo wala kipande cha nyama. Ni ndoano iliyofungiwa nyuzi, manyoya au sponji ili ifanane na mdudu au samaki mdogo. Kwa kuwa chambo cha namna hii hakina uzito, hakirushwi kwa nguvu ya chubwi. Mshipi wenyewe hufanywa mnene na mzito, na mvuvi huupeleka nyuma na mbele kwa ufito mrefu mpaka unyooke juu ya maji. Hapa Pyramid hutumika mara nyingi mshipi unaozama upesi ukalala chini, ukiwa na mende wa sponji mwishoni. Mshipi hukaa sakafuni, lakini mende huelea juu yake kidogo, mahali trauti anapopita. Kisha mvuvi huuvuta polepole kwa mkono. Wengine huning'iniza chambo viwili chini ya boya dogo na kungoja mawimbi yavichezeshe. Siku yenye upepo, isiyopendwa na mtu mwingine yeyote, mara nyingi ndiyo yenye samaki.

Msimu huanza kwa kawaida tarehe 1 Oktoba na kwisha tarehe 30 Juni. Kibali hutolewa na Wapaiute wenyewe, si na serikali ya jimbo. Chambo hai hakiruhusiwi, na ndoano ziwe zisizo na kijino cha kuzuia, ili samaki anayerudishwa majini asiumie sana.

Kutoweka na kurudi

Mwaka 1905 serikali ya Marekani ilikamilisha bwawa la Derby juu ya Mto Truckee, na sehemu kubwa ya maji ikageuziwa mashamba ya walowezi. Ziwa likashuka, hatimaye kwa mita 24 hivi, na ziwa jirani la Winnemucca likakauka kabisa. Mdomo wa mto ukajaa mchanga. Trauti hutaga mayai mtoni, wala si ziwani, basi njia ilipofungwa kizazi kikakatika. Kufikia miaka ya 1940 hakubaki hata mmoja. Samaki mwingine wa huko, kui-ui, asiyepatikana popote pengine duniani, alinusurika kwa sababu anaishi zaidi ya miaka 40 na aliweza kungoja mafuriko.

Baadaye vifaranga vya trauti kutoka maziwa mengine vilipandwa, lakini havikufikia ukubwa wa wale wa zamani. Kisha katika miaka ya 1970 walionekana trauti katika kijito chembamba cha mlima Pilot Peak, mpakani mwa Nevada na Utah. Inaaminika walipelekwa huko mwanzoni mwa karne ya 20. Uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kuwa ni uzao wa Pyramid. Walizalishwa katika kituo cha serikali, wakarudishwa ziwani kuanzia mwaka 2006, na baada ya miaka michache walivuliwa wenye zaidi ya kilogramu 9. Mwaka 2014 walitaga mtoni, jambo lililokuwa halijatokea tangu miaka ya 1930.

Samaki walirudi kabla maji hayajarudi vya kutosha. Wapaiute walidai maji ya mto mahakamani kwa miaka mingi, na mwaka 1983 Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa dai lao la kuongezewa. Sheria ya mapatano ilipitishwa mwaka 1990, na makubaliano ya kuendesha mabwawa ya mto yakaanza kutumika Desemba 2015. Mwaka 2020 kichujio cha samaki kilikamilishwa kwenye Derby, ili samaki wapitao mtoni wasichukuliwe na mfereji wa mashamba.