Kabla ya Kumuuliza Alikunywa Nini

Nafanya kazi ya uuguzi katika idara ya dharura hapa Marekani. Mwisho wa juma wanachuo huwa wengi, na wasichana walioanguka ngazini ni wengi mno kuliko ngazi zenyewe.

Anayepigwa na mpenzi wake huwa na sababu nyingi za kunyamaza. Katika familia zetu kuna moja ya ziada. Mzazi akisikia neno pombe, hasikii tena lililobaki. Ulikuwa wapi? Nani alikupeleka? Binti anayajua maswali hayo tangu mdogo, basi anaficha pombe, na ili aifiche inambidi afiche na kipigo. Mpigaji naye anaijua hesabu hiyo. Wapo wanaotishia waziwazi: sema, nami nitawatumia wazazi wako picha zako ukiwa na chupa.

Sheria nayo inatia hofu, kwani umri wa kunywa hapa ni miaka 21. Lakini majimbo mengi yanamkinga kijana aliyekunywa akipiga simu kuomba msaada wa matibabu. Mwambieni mapema.

Na si kweli kwamba pombe ndiyo huanza daima. Naona pia wasichana walioanza vidonge au bangi baada ya kuanza kupigwa, ili tu wapate usingizi.

Mei 2010, Yeardley Love, mwanafunzi wa miaka 22 wa Chuo Kikuu cha Virginia, aliuawa na mpenzi wake wa zamani, George Huguely, mwanachuo mwenzake, aliyekuwa amelewa. Mahakamani shahidi mmoja alieleza kwamba miezi michache kabla alimkuta Huguely akimkaba Love. Mawakili wa Huguely waliutaja sana ulevi wake kumtetea. Mwaka 2012 alihukumiwa miaka 23. Ajabu yetu wanadamu: pombe ya mwanamume huwa udhuru, ya msichana huwa kosa.

Hilo la kukabwa naomba mlishike. Shingo inaweza isiwe na alama yoyote. Sikilizeni sauti iliyokauka, tazameni vidoa vyekundu machoni, mwulizeni kama anameza kwa shida. Mshipa wa shingo ukichanika kwa ndani, kiharusi kinaweza kuja hata siku kadhaa baadaye. Aende hospitali siku hiyohiyo, hata akisema amepona.

Akihisi amewekewa kitu kwenye kinywaji, asingoje kupambazuke. Dawa iitwayo GHB huisha kwenye mkojo kwa takriban saa 12. Akibanwa njiani, akojoe kwenye chombo safi aje nacho. Atuambie pia alichotumia mwenyewe. Tunauliza ili tusimpe dawa itakayogongana nacho.

Akishatimiza miaka 18, hatumpigii mama yake simu bila ruhusa yake. Ila kama yuko kwenye bima yenu, barua ya bima huenda ikafika nyumbani kabla yeye hajasema neno. Mkiiona, swali la kwanza liwe: uko salama leo? La pombe linaweza kungoja wiki.

Simu ya msaada ya taifa ni 1-800-799-7233, usiku na mchana. Ya vijana, inayoitwa Love Is Respect, ni 1-866-331-9474. Mzazi naye anaweza kupiga, na asiyejua Kiingereza aombe mkalimani.