Upasuaji wa Pili wa Kupandikiza Mishipa ya Moyo: Sababu na Hatari Zake

Mgonjwa wa Bariadi aliyepandikizwa mishipa ya damu ya moyo katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, hurejea nyumbani akiwa na nafuu kubwa, lakini chanzo cha maradhi yake hakijaondolewa. Upandikizaji huifungulia damu njia mpya kando ya sehemu iliyoziba. Hauzuii lehemu kuendelea kujikusanya ndani ya mishipa.

Hivyo, sababu kuu ya kurudia upasuaji ni kuziba kwa mishipa iliyopandikizwa. Vena ya mguuni haikuumbwa kuhimili msukumo mkubwa wa damu, na baada ya miaka 10 takriban nusu ya vena hizo huwa zimeziba au zimeharibika. Ateri ya ndani ya kifua hudumu zaidi: katika muda huohuo, takriban 9 kati ya 10 huwa bado wazi. Sababu nyingine ni kuziba kwa mishipa ya asili iliyokuwa mizima hapo awali.

Upasuaji wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza. Makovu huugandisha moyo nyuma ya mfupa wa kidari, hata kuufungua mfupa huo kwaweza kuujeruhi moyo wenyewe. Mishipa bora ya kupandikiza huenda imekwisha kutumika, na umri wa mgonjwa umesonga. Tafiti nyingi zimeonyesha kuwa hatari ya kifo huwa mara 2 hadi 4 ya ile ya mara ya kwanza. Kuvuja damu, kiharusi na figo kushindwa kufanya kazi navyo huongezeka. Kwa sababu hiyo, madaktari hupima kwanza kama dawa, au kuzibua mshipa kupitia tundu dogo la mkononi au pajani, kutatosha.

Mhudumu wa afya wa Simiyu anapompokea mgonjwa wa namna hii mwenye maumivu ya kifua au pumzi fupi, asidhani kuwa upasuaji wa zamani unamkinga. Ampime umeme wa moyo na kumpa rufaa bila kuchelewa, pamoja na taarifa ya upasuaji wa kwanza, kwani humwonyesha mpasuaji mishipa ipi ilipandikizwa na wapi.

Mgonjwa naye aitunze taarifa hiyo, aache tumbaku, adhibiti kisukari na shinikizo la damu, wala asikatishe dawa kwa kujihisi mzima. Dawa za moyo hazingoji msimu wa kuuza pamba.