Uvira: Mbwa akisha kutolewa kizazi, asirudishwe kulinda haraka

Mbwa jike hubeba mimba karibu siku 63, na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Ndiyo maana baadhi ya wenye mbwa huamua kumpeleka kwa daktari wa mifugo atolewe kizazi. Kupasuliwa kwenyewe hakuchukui muda mrefu. Kazi ngumu inabaki nyumbani, siku 10 hadi 14, mpaka kidonda kifunge.

Shida ya kwanza ni kwamba mbwa huyo ndiye mlinzi wa kiwanja. Siku ya pili au ya tatu anaonekana mzima, anabweka, na wenyewe wanamfungulia usiku kama kawaida. Lakini chini ya ngozi kuna nyuzi zingine zinazoshika misuli ya tumbo. Akirukia ukuta au kufukuzana na mbwa wa jirani, zinaweza kuachia na matumbo yakatoka. Wiki hizo mbili abaki ndani, atoke kwa kamba kujisaidia tu. Kwa ulinzi, familia itafute njia nyingine.

Halafu ulimi. Wengi husema mate ya mbwa ni dawa. Si kweli: yana vijidudu, na meno hukata nyuzi. Kama daktari hana kola ya plastiki ya shingoni, tisheti ya zamani inatosha: miguu ya mbele ipite kwenye mikono, pindo lifungwe fundo juu ya mgongo. Ikilowa, ibadilishwe.

Kumwogesha ziwani Tanganyika, hapana, mpaka daktari aruhusu. Maji hayo hayo wakaaji wanaambiwa wasiyanywe bila kuyatia dawa, kwa sababu ya kipindupindu. Na iwe Kalundu, Mulongwe au Kavimvira, mvua ikinyesha ni matope, jua likiwaka ni vumbi. Alale juu ya kikwembe kilichofuliwa.

Kidonda kitazamwe asubuhi na jioni. Wekundu kidogo na uvimbe mdogo siku za kwanza si neno. Usaha, harufu mbaya, damu inayodondoka, ngozi kuachana au fizi kuwa nyeupe: arudi kwa daktari siku hiyo hiyo. Alkoli, majivu na unga wa kapsuli visiwekwe. Ibuprofeni ya farmasi, ile tunayomeza sisi, inaweza kutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo.

Mbwa mwenye maumivu anaweza kumuuma hata bwana wake, basi watoto wasimshike. Akiuma mtu, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni dakika 15, kisha hospitali bila kungoja, kwani kichaa cha mbwa kikisha kuonyesha dalili karibu hakuna anayepona. Kutolewa kizazi hakukingi ugonjwa huo. Chanjo yake ni mbali. Kama mbwa hajaipata, siku ya kutoa nyuzi daktari aulizwe.