Mabadiliko ya Umbo la Faili na Hifadhi ya Miswada

Toleo la mwaka 2007 la programu ya Microsoft Word lilibadili umbo la faili zake. Faili za awali, ambazo majina yake huishia kwa .doc, zilitungwa kwa namna ambayo programu nyingine zilitatizika kuzisoma sawasawa. Zile mpya, ziishiazo kwa .docx, ni mfuko uliobanwa wenye faili kadhaa za XML. Mwenye toleo la 2003 hakuweza kuzifungua bila kuongeza programu ya kupatanisha. Shirika la ISO lilikubali umbo la ODF mwaka 2006, na hilo la Microsoft mwaka 2008; lakini kanuni mbili haziondoi tofauti.

Kwa wataalamu wa lugha, hasara haiko katika mpangilio wa kurasa peke yake. Utenzi ulionakiliwa kwa herufi za Kiarabu, kwa fonti isiyofuata Unicode, hugeuka alama zisizosomeka fonti hiyo ikosekanapo. Basi yafaa kila mswada uandikwe kwa Unicode, kisha uwekwe nakala mbili: moja ya kuhaririwa, na nyingine ya PDF, ili msomaji wa kesho apate kuulinganisha na sura yake ya asili.