Uvimbe wa Mshipa wa Sikio: Kungoja au Kutibu?

Askari aliyezoea mlio wa bunduki hashangai masikio yake yanapoanza kuwa mazito. Husingizia mazoezi ya shabaha, na mara nyingi hakosei. Apigaye bunduki kwa bega la kulia, sikio lake la kushoto ndilo lililo karibu na mdomo wa bunduki, nalo hudhurika zaidi. Kwa sababu hiyo hiyo ugonjwa mwingine huweza kujificha: uvimbe mdogo uotao kwenye mshipa wa fahamu utokao sikioni kwenda ubongoni, mshipa uchukuao sauti na kumwezesha mtu kusimama bila kuyumba. Sikio moja likizidi kuwa zito kuliko jingine, likivuma mchana na usiku, hapana budi daktari ayapime yote mawili na, ikilazimu, aagize picha ya kichwa kwa mashine ya MRI.

Uvimbe huo si saratani. Hausambai mwilini, na aghalabu hukua polepole, pengine milimita moja au mbili kwa mwaka. Mara nyingi hubaki vile vile kwa miaka mingi. Je, utibiwe mara moja, au uangaliwe kwanza?

Jambo hilo lilipimwa Bergen, nchini Norway, kuanzia mwaka 2014. Wagonjwa 100 wenye uvimbe uliogunduliwa karibuni, usiofikia sentimita mbili, waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilitibiwa kwa miale papo hapo. Jingine liliangaliwa kwa picha, na kutibiwa pale tu uvimbe ulipokua. Matokeo yalitangazwa mwaka 2023. Baada ya miaka minne uvimbe wa waliotibiwa mapema ulikuwa umenywea, na wa waliongoja umeongezeka. Hata hivyo, kusikia kwao na hali zao za maisha hazikuachana sana. Kati ya 50 walioangaliwa, 28 hawakuwa wamehitaji tiba yoyote.

Isidhaniwe kuwa kungoja hulinda usikivu. Sikio huweza kuendelea kufifia hata uvimbe usipokua. Miale nayo haiondoi uvimbe, huuzuia tu. Upasuaji huuondoa, lakini mshipa uendeshao misuli ya uso umepita ubavuni pake, na ukijeruhiwa upande mmoja wa uso hulegea. Uvimbe mkubwa unaosukuma shina la ubongo haungojewi.

Kwa askari, kungoja ni kazi yenye tarehe. Picha hurudiwa kila baada ya muda uliowekwa, hasa katika miaka mitano ya mwanzo, ambapo uvimbe mwingi ukuao hujionyesha. Aliyehamishiwa kituo cha mpakani, au kupelekwa nje kulinda amani, tarehe ikampita, huyo haangaliwi, amesahauliwa. Basi na amweleze daktari mapema habari za uhamisho, maana zaweza kugeuza uamuzi. Mkuu wa kikosi pia yampasa kujua: asikiaye kwa sikio moja hutambua kwa shida sauti itokako, na hilo lafaa kufikiriwa kabla ya kumpanga lindo la usiku.