Babu na mashine ya kukimbilia

Jirani yetu hapa Guildford, magharibi ya Sydney, ni mzee wa Kilebanoni mwenye sukari. Wanawe walimnunulia mashine ya kukimbilia. Siku ya kwanza kaipanda kwa kasi ya kijana. Goti likavimba, mwezi mzima hatoki. Watoto wetu wana mapenzi, lakini haraka nyingi mno!

Shirika la Afya Duniani, mwaka 2020, lilishauri dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani. Wastani ndio upi? Unatembea huku unaweza kuzungumza, ila kuimba huwezi. Aliyekaa miaka aanze na dakika 10, aongeze kidogo kidogo. Waliofika 65 wajizoeze pia kusimama imara, siku 3 kwa wiki, wasije wakaanguka.

Joto nalo si mchezo. Januari 4, 2020, Penrith, huku huku magharibi, lilifika nyuzi 48.9. Nyinyi wa Maskati mnalijua: tokeni baada ya alfajiri, na maji mkononi. Anayepiga sindano ya insulini amwulize daktari kwanza, atie na pipi mfukoni.

Kifua kikibana, usimalize mzunguko. Kaa chini, gari la wagonjwa liitwe.